Filamu Isiyo na Ukingo: Kulileta Ziwa la Usiku Ndani ya Kuba

Usiku usio na mwezi, ukiwa ndani ya mashua mbali kidogo na ufuo wa Dunga, taa za wavuvi wa omena hukuzunguka pande zote. Anayeliona jambo hilo mara ya kwanza hudhani kuna mji umeota juu ya maji. Omena hufuata mwanga, na ndiyo sababu wavuvi husubiri giza: mbalamwezi ikitanda, taa hupoteza mvuto wake. Mbele yako taa, nyuma yako taa, ubavuni mwa mashua taa zilezile zikivunjikavunjika majini, na juu nyota. Halafu kuna sauti. Kasia linagonga ubao. Injini inanguruma mbali, huijui iko wapi hasa. Mtu anamwita mwenzake kwa Kiluo kutoka gizani. Kiboko anakoroma upande wa matete, na mashua nzima inanyamaza.

Toa simu urekodi. Kesho yake utakachoona ni vitone vya manjano vimepangwa kwenye mstari mmoja juu ya weusi. Kilichoufanya usiku ule uwe vile ni kwamba wewe ulikuwa katikati yake, na skrini bapa haina namna ya kukuweka katikati ya kitu. Ina kingo nne, na kila kilicho nje ya kingo hizo kimeachwa ziwani.

Ipo aina ya sinema iliyobuniwa kwa ajili ya usiku kama huo. Huonyeshwa ndani ya kuba au chumba cha duara, picha ikitanda kutoka usawa wa mabega hadi juu ya kichwa, na spika zikiwa zimewazunguka watazamaji. Vijana wanaopiga video za harusi na za muziki hapa Kisumu wamekuwa wakiniuliza inatengenezwaje, na karibu wote huanza na swali la projekta: ngapi, za nguvu gani, zinapatikana wapi. Nitalijibu swali hilo, kwa kuwa bila kulijibu hatuendi popote. Ila niseme mapema ninachokiamini, maana ndicho kilichonifanya niandike: filamu ya kuba hutungwa kwa sikio kwanza. Anayeanza na projekta ataishia na skrini kubwa iliyopinda.

Anachokiona ngege

Swali la kwanza ni jinsi gani anga nzima inavyoingia ndani ya faili moja. Jibu wanalo samaki. Ngege akiwa chini ya maji matulivu akitazama juu, mwanga kutoka kila upande wa dunia iliyo juu ya maji hupinda unapoingia majini, na vyote, miti ya ufuoni, mashua, mawingu, hubanwa ndani ya duara moja juu yake, duara lenye upana wa digrii 97 hivi. Mwaka 1906 mwanafizikia Mmarekani Robert Wood alilieleza jambo hilo na kulipa jina ambalo lenzi za namna hiyo zinabeba hadi leo: jicho la samaki.

Faili ya filamu ya kuba ni duara kama hilo, limechorwa ndani ya mraba. Wenye kazi huiita domumasta. Katikati ya duara ni utosini, yaani sehemu ya kuba iliyo juu kabisa ya vichwa vya watu. Ukingo wa duara ni upeo wa macho. Sehemu ya chini ya duara ndiyo mbele ya watazamaji, ya juu ni mgongoni kwao. Umbali kutoka katikati hulingana na pembe: kitu kilicho nusu ya njia kati ya utosi na upeo hukaa nusu ya njia kati ya katikati na ukingo. Pembe nne za mraba hubaki nyeusi, hazionyeshwi popote.

Ukiitazama domumasta kwenye laptopu utaona kichekesho: wavuvi wamelala kwa migongo, mashua zimepinda kama ndizi. Usiihukumu hapo. Duara hilo halikukusudiwa kutazamwa likiwa bapa, na wengi hupoteza wiki nzima wakinyoosha vitu ambavyo kuba lenyewe lingevinyoosha.

Ukubwa wa kawaida wa mraba huo ni pikseli 4096 kwa 4096. Hiyo ni karibu pikseli milioni 16.8 kwa kila fremu, mara nane ya picha ya HD ya televisheni. Inasikika kama wingi mno hadi uipige hesabu ndani ya jengo. Chukua ukumbi wa Satosphère uliofunguliwa Montreal, Kanada, mwaka 2011: kuba la upana wa mita 18, projekta 8, spika 157. Kutoka upeo hadi upeo kupitia utosini, kuba la upana huo lina urefu wa mita 28 na kidogo. Gawanya kwa 4096, kila pikseli inakuwa na upana wa karibu milimita 7. Unaweza kuihesabu kwa macho ukiwa karibu. Kwa hiyo maandishi madogo, sura za watu walio mbali, nyavu zenye matundu ya omena, vyote hivyo huyeyuka. Taa moja kwenye giza haiyeyuki.

Projekta nyingi, picha moja

Hakuna projekta moja inayoweza kumulika kuba kubwa lote kwa mwanga wa kutosha, kwa hiyo kazi hugawanywa. Kila projekta hupewa kipande chake cha duara, na vipande hupandiana kidogo kwenye kingo, kama vigae vya paa. Pale vinapopandiana mwanga ungekuwa maradufu, hivyo kompyuta hupunguza mwanga wa kila projekta taratibu kuelekea kwenye ukingo hadi jumla iwe sawa na kwingineko. Kisha kila kipande hupindwa ili kilale vizuri kwenye uso wa mviringo. Kamera huwekwa katikati ya ukumbi, hupiga picha za alama zilizomulikwa ukutani, na programu hujirekebisha yenyewe. Kumbi nzuri hurudia zoezi hilo mara kwa mara, maana projekta ikisogea hata kidogo kwa joto au kwa mtikisiko, mshono huonekana.

Wapo waliokwepa projekta kabisa. Sphere ya Las Vegas, iliyofunguliwa Septemba 2023, imejaa taa za LED ukutani, pikseli 16,000 kwa 16,000 hivi. Hilo ni jengo la pesa za aina nyingine na sitakaa nalo hapa. Kilicho karibu nasi ni mbinu iliyoenezwa na mtafiti Paul Bourke: projekta moja ya kawaida inaelekezwa kwenye kioo kilichobinuka, mfano wa vile vinavyotundikwa kwenye kona za supamaketi ili mwenye duka aone wezi, na kioo hicho kinatawanya picha juu ya kuba zima. Programu huipinda picha mapema ili kioo kiinyooshe. Mwanga hupungua na ukali wa picha pia, lakini kwa kuba dogo la kujaza hewa linaloingia ndani ya darasa, inatosha. Kampuni ya Travelling Telescope ya Nairobi imekuwa ikizungusha kuba la kujaza hewa mashuleni kuwaonyesha watoto nyota, kwa hiyo hatuzungumzii kitu cha ng’ambo tu.

Sasa tatizo ambalo wanaoanza hawalitarajii. Ukuta wa kuba unajiangalia wenyewe. Mwanga unaomulikwa upande wa mashariki huruka na kutua upande wa magharibi, kisha hurudi. Ukionyesha anga jeupe la mchana kwenye nusu ya kuba, anga hilo huwa taa inayomulika nusu ya pili, na kila kilichokuwa cheusi hugeuka kijivu. Nimewahi kuona picha ya Ziwa Nakuru ya adhuhuri ikionyeshwa namna hiyo: waridi la heroe, yaani flamingo, limekuwa rangi ya maziwa yaliyotiwa maji. Ndiyo maana kuta za makuba mengi hupakwa kijivu badala ya nyeupe, ili zinywe sehemu ya mwanga. Nyingi huwa za bati la alumini lenye vitundu vidogo sana. Picha haivioni vitundu hivyo, ila sauti hupita, hivyo spika hukaa nyuma ya picha yenyewe.

Hapo ndipo usiku wa omena unapopendeza zaidi kuliko flamingo. Kuba jeusi lenye vitone vya mwanga karibu halina mwanga wa kujiharibia. Giza hubaki giza. Mtu anayetafuta somo la filamu yake ya kwanza ya kuba katika nchi hii ya magharibi, na apime kwanza: je, somo langu lina mwanga mwingi kiasi gani?

Kuongoza jicho lisilo na dirisha

Kwenye filamu ya kawaida ukingo wa skrini ndio sarufi. Ukitaka mtu aone mkono, unaujaza mkono kwenye skrini. Ukitaka aone jibu la mwenzake, unakata kwenda picha nyingine. Ndani ya kuba huwezi kujaza kitu, kwa sababu hakuna mwisho wa kukijazia. Sura ya mtu ikichukuliwa kwa karibu inakuwa na urefu wa nyumba ya ghorofa, na watazamaji huhisi wamevamiwa. Kukata nako ni kuwahamisha watu mwili mzima: sekunde moja wako Kibuye sokoni, inayofuata wako juu ya mwamba wa Kit Mikayi. Macho ya mtu huchukua muda kutafuta yuko wapi. Ukimkatia kila sekunde tatu, hafiki popote. Waliozoea kazi hii huacha picha moja idumu bila kukatwa nusu dakika, dakika nzima, na hubadilisha mahali kwa kufifiza au kwa giza.

Mwendo ndio wenye hatari. Macho yetu huona karibu digrii 200 kwa upana, lakini sehemu inayoona kwa ukali ni ndogo mno, digrii mbili hivi katikati. Hiyo sehemu kubwa ya pembeni kazi yake ni kuuambia mwili kama tunasogea. Skrini ya nyumbani haiifikii, kuba huijaza. Picha yote ikisogea, ubongo huamini kwamba ni wewe unayesogea, huku kiungo cha usawa kilicho ndani ya sikio kikisema umeketi. Ugomvi huo kati ya jicho na sikio la ndani ndio unaoleta kichefuchefu. Upeo ukiinama kama mashua iliyopigwa na wimbi, watu watainama kwenye viti, na baadhi yao watatoka nje. Kwa hiyo kanuni ninayoifuata ni kuuacha upeo umetulia, na kuachia vitu visogee ndani ya ulimwengu uliosimama. Ikibidi kamera isogee, isogee mbele, polepole, bila kuzunguka.

Kasi pia ina hesabu yake. Taa ikivuka kuba lote, digrii 180, kwa sekunde 6, na filamu ina fremu 30 kwa sekunde, basi katika kila fremu taa inaruka digrii nzima, upana wa miezi miwili angani. Jicho halioni mtiririko, linaona mirukoruko. Dawa ni fremu 60 au kupunguza kasi. Mimi ningepunguza kasi. Fremu 60 ni kazi maradufu.

Na shingo. Hakuna anayeweza kutazama utosini kwa dakika kumi akiwa ameketi wima. Mambo ya maana yawekwe mbele, robo ya njia hadi nusu ya njia kutoka upeo kwenda juu. Au watu walale. Mikeka sakafuni ni kiti bora cha kuba, na mikeka tunayo.

Sikio ndilo linalogeuza shingo

Miaka kadhaa iliyopita tulifanya jaribio katika ukumbi wa kukodi mjini. Tulitundika shuka nne nyeupe kuwazunguka watu ishirini hivi, tukaweka projekta mbili, na spika nane tulizoazima kanisani na kwa marafiki. Picha ilitushinda. Shuka zilimulikana, mshono kati ya projekta ulionekana kama kovu. Lakini tulikuwa tumerekodi kasia na mazungumzo ya wavuvi, na dakika ya nne kasia lilipoanza kupiga maji nyuma ya safu ya mwisho, safu yote iligeuka. Nyuma yao hapakuwa na picha yoyote, shuka tupu. Waligeuka wakalitazama giza, na mama mmoja akajisogeza kama anayempisha mtu. Tangu siku hiyo sijawahi kuanza kazi ya namna hii na picha.

Sababu yake iko kwenye maumbile. Jicho huona lilikoelekezwa. Sikio husikia pande zote saa zote, hata nyuma, hata ukiwa umefumba macho. Kama hakuna ukingo wa kumwambia mtazamaji atazame wapi, chombo kilichobaki cha kumgeuza ni sauti. Na humgeuza kwa hiari: hukumlazimisha, umemwita.

Ubongo hujua sauti imetoka wapi kwa kulinganisha masikio mawili. Sauti inayotoka kulia hufika sikio la kulia mapema, na tofauti hata ikiwa kubwa kabisa haifiki sehemu moja ya elfu ya sekunde. Pia hufika ikiwa na nguvu zaidi, kwa kuwa kichwa hulikinga sikio la pili. Mikunjo ya sikio la nje huongeza habari za juu na chini. Kuna udhaifu mmoja: sauti iliyo mbele kabisa na iliyo nyuma kabisa hufika masikio yote mawili kwa wakati mmoja, na ubongo huweza kuzichanganya hadi mtu ageuze kichwa kidogo. Kwa hiyo ukitaka nyuma ijulikane kuwa nyuma, usiweke sauti katikati ya mgongo. Iweke pembeni kidogo, na iwe inasogea.

Besi nzito sana haina mahali. Ngurumo ya chini kabisa hujaza chumba na huwezi kuinyooshea kidole, hivyo wufa, yaani spika ya besi, huwekwa popote panapofaa. Kinachoonyesha mahali ni mlio mkavu wenye mwanzo mkali: kofi la mkono kwenye ngozi, kasia kwenye ubao, kikohozi. Isukuti ni mfano ulio kamili. Ngoma hiyo ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega, ambayo UNESCO iliiingiza mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, hupigwa kwa ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, na huchezwa watu wakienda. Ile kubwa utaihisi kifuani bila kujua iko wapi. Ile ndogo utaifuata kwa kidole inavyozunguka nyuma ya umati. Aliyezipanga ngoma zile alikuwa tayari amegawa kazi kati ya wufa na spika ndogo.

Kuweka sauti ndani ya kuba kuna njia mbili kuu, na mafundi huzichanganya. Ya kwanza ni kuiambia programu: sauti hii iko hapa, digrii 120 kulia, digrii 30 juu, na sasa inahama. Programu hugawa nguvu yake kati ya spika zilizo karibu na pale. Ni nzuri kwa kitu kimoja kinachojulikana, kama injini au mtu anayeita. Ya pili ni ambisoniki, iliyobuniwa na Mwingereza Michael Gerzon na wenzake miaka ya 1970. Hii hairekodi spika, hurekodi duara zima la sauti lilivyo mahali fulani. Maikrofoni yenye vichwa vinne hutoa mikondo minne: mmoja wa sauti yote kwa jumla, na mitatu ya mbele na nyuma, kushoto na kulia, juu na chini. Baadaye mikondo hiyo hufunguliwa kwa spika zozote zilizopo, nane za ukumbi wetu au 157 za Montreal. Mikondo minne hutoa picha ya sauti yenye ukungu kidogo. Ukitaka ukali zaidi unapanda daraja: daraja la tatu lina mikondo 16.

Kwa ziwa ningefanya hivi. Maji, upepo, wadudu na mazungumzo ya mbali yarekodiwe kwa ambisoniki, yawe kama hewa ya mahali pale. Ukungu wake haudhuru, usiku wenyewe una ukungu. Kisha kasia, kiboko, jina linaloitwa na kucheka kwa mvuvi virekodiwe kimoja kimoja kwa karibu na kuwekwa mahali pake kwa mkono. Wavuvi wenyewe hufanya vivyo hivyo. Hawageukigeuki kutafuta mashua ya mwenzao gizani. Huita, na jibu likirudi hujua mwenzao yuko wapi na yuko mbali kiasi gani.

Kasoro moja haina dawa kamili. Aliyeketi mita 2 kutoka spika ya kushoto na mita 16 kutoka ya kulia husikia ile ya kushoto kwanza, kwa tofauti ya sekunde 0.04 hivi, maana sauti husafiri mita 343 kwa sekunde. Ubongo huiamini ya kwanza na kuipuuza ya pili. Kwake yeye kila kitu kinatoka kushoto. Ndiyo maana sauti ya maana haiwekwi kati ya spika mbili zilizo mbalimbali. Iwekwe ndani ya spika moja, ili hata wa pembeni aisikie ikitoka palepale. Na ndiyo maana fundi wa sauti wa kuba hakai katikati siku nzima. Huzunguka, huketi kwenye kila pembe, husikiliza kwa masikio ya mtu aliyechelewa kufika.

Haya si mageni duniani. Mwaka 1957 wasanii Henry Jacobs na Jordan Belson walianza kuwakusanya watu ndani ya kuba la nyota la San Francisco kusikiliza muziki ukizunguka gizani, taa zikicheza juu yao. Mwaka 1958, huko Brussels, muziki wa mtunzi Edgard Varèse ulipigwa kwa zaidi ya spika 300 ndani ya banda lililojengwa kwa ajili hiyo. Lakini kwetu watoto walilala kwenye siwindhe, nyumba ya bibi mzee wa Kiluo, wakasikia fisi akija kutoka nyuma ya ukuta kwa sauti ya mtu mmoja tu, taa ikiwa imezimwa. Sioni tofauti kubwa ya sanaa hapo. Naona tofauti ya vifaa.

Kinachorekodiwa na kinachochorwa

Kamera ya digrii 360 sasa ni kitu cha kutia mfukoni. Ina lenzi mbili zilizopeana mgongo, na programu huzishona picha mbili kuwa moja. Kwa mchana, kwa vitu vilivyo mbali, kazi ni safi. Kitu kikiwa ndani ya mita moja na nusu hivi, mshono humkata mtu bega, kwa sababu lenzi mbili haziko sehemu moja na kila moja inamwona kutoka pembe yake. Mashua ya wavuvi ni nyembamba. Ukisimika kamera katikati, kila mtu yuko karibu. Mbaya zaidi, vitambuzi vya kamera hizi ni vidogo na usiku havioni. Utapata giza linalochemka kwa chembechembe, na juu ya kuba la mita 18 kila chembe itakuwa na ukubwa wa kokoto.

Kwa hiyo uamuzi wangu, na najua wapo watakaoupinga, ni huu: sauti iwe ya kweli, picha ichorwe. Taa ishirini au thelathini juu ya maji meusi ni kitu ambacho Blender, programu isiyolipiwa, inakiweza vizuri. Kamera yake ya ndani ina chaguo la jicho la samaki linalotoa domumasta moja kwa moja. Unachohitaji ni kutazama taa halisi kwa makini: mwanga wake unatikisika vipi, mstari wake majini unarefuka kiasi gani, unakatika wapi mashua inapopita. Nenda mara tatu na daftari kabla ya kuwasha kompyuta. Sauti uliyorekodi iwekwe kwanza kwenye mstari wa muda, na kila taa ichorwe pale sikio lilipokwisha kuisikia.

Muda wa kompyuta usiudharau. Filamu ya dakika 10 kwa fremu 30 kwa sekunde ina fremu 18,000. Kila fremu ikichukua dakika mbili kuchorwa, hizo ni saa 600, siku 25 usiku na mchana bila kupumzika, na stima isipotee. Hifadhi kila fremu kama picha peke yake, si video moja ndefu, ili umeme ukikatika baada ya fremu ya 9,000 uendelee na ya 9,001. Chora kwanza yote kwa ukubwa wa 1024, itazame, ibadilishe, kisha ndipo uchore kubwa. Kwa upande wa sauti, programu za ambisoniki za taasisi ya IEM ya Graz, Austria, zinatolewa bure, na zinaweza kukupa toleo la kusikiliza kwa hedifoni ambalo linaigiza pande zote. Haliko sawa na ukumbi, lakini litakuonyesha kama kasia liko nyuma.

Ukikosa kuba kabisa, usingoje. Spika nane, mikeka, chumba cheusi. Cheza sauti peke yake kwa watu ambao hawajawahi kwenda ziwani, na uwaombe wanyooshe vidole wanakosikia mashua. Vidole vikielekea upande mmoja, filamu umeipata, picha itakuja kuvaa juu yake. Vikitawanyika, rudi kwenye kazi, hakuna projekta itakayokusaidia.

Swali lililobaki ni jinsi ya kuumaliza usiku huo. Mkono hutamani kuchora mapambazuko: anga inakuwa ya machungwa, ziwa lote linaonekana. Ndani ya kuba mapambazuko hayo yatajimulika yenyewe na kuifuta kila taa uliyoijenga kwa siku 25. Bora alfajiri iachiwe sikio. Taa ya kwanza inazimwa kulia, nyingine nyuma, moja baada ya nyingine, hadi kuba liwe jeusi kabisa. Injini zinageuka kuelekea nchi kavu. Ndege wanaanza upande wa matete. Kisha mbele, chini, usawa wa mikeka, sauti za akina mama wanunuzi ufuoni, mabeseni yakigongana, mmoja akiuliza bei kabla mashua haijagusa mchanga.